Khanga isiyo na mwenzake

Mwalimu wa Zai ametaka kila mtoto wa ngoma aje na doti moja ya khanga kwa ajili ya mahafali. Doti, si kipande. Basi Jumamosi nimekaa uani nachambua mchele, Zai akalivuta lile sanduku la bati chini ya kitanda, akaanza kuzitoa khanga moja moja na kuzilinganisha majina kama anacheza karata. Hii na hii. Hii na hii. Mwishoni akabaki na moja mkononi, nyekundu yenye korosho nyeupe pembezoni, imepauka kwa kufuliwa.

"Mama, hii mwenzake iko wapi?"

Kisha akasoma jina lake kwa sauti: Mgeni njoo mwenyeji apone.

Niliendelea kuchambua. Baadaye ndiyo nikagundua kwamba nilikuwa natupa mchele na kuweka mawe kwenye bakuli.

Doti ile niliipewa na Mama wa Ujiji. Mnaonisoma tangu zamani mnajua mimi na mama mkwe wangu tulivyokuwa. Tuliheshimiana sana tukiwa na reli ya kilomita elfu moja na ushei katikati yetu. Shida ilikuwa akipanda treni. Nilipofika miezi minane akapanda, akashuka Dar na ndoo ya mawese na gunia la dagaa, akatangaza amekuja kunipokea. Mimi nilikuwa na kadi ya kliniki isiyo na pengo hata moja. Nilikuwa nimepigwa ultrasaundi mara mbili. Nikampigia Baba Zai, alikuwa Tunduma na lori, nikamwambia mama yako akithubutu kunisugua tumbo na mawese nitarudi kwetu. Akacheka, mtandao ukakata.

Hakunisugua. Alichofanya ni kuufungua mfuko wangu wa kujifungulia, akatoa beseni, glovu, pamba, nailoni ya kutandika, vibanio vya kitovu, akavipanga sakafuni kama askari wa forodha. Akafika kwenye khanga. Nilikuwa nimeweka doti mbili.

"Hazitoshi," akasema.

"Mama, naenda hospitali, siendi harusini."

Akanyamaza. Usiku ule akakaa chini ya taa na sindano, akaikata doti yake mpya, akaipinda vipande vyote viwili kwa mkono, akavisukumia ndani ya mfuko bila kunitazama. Mimi nikaona ni kiburi. Nikaona pia jina la khanga, nikaanza kujiuliza mgeni anayesemwa ni mtoto au ni yeye.

Leba nitaipita haraka, kila mtu ana yake na zote zinafanana kwa kelele. Agosti 2013, saa nane na dakika kumi usiku, Zai. Kilo tatu na gramu mia mbili. Nikachomwa sindano ya paja, kondo likatoka, nesi akaligeuza chini ya taa iliyokuwa ikipepesa, akasema limekamilika. Nikashonwa nyuzi mbili. Saa kumi alfajiri nilikuwa wodini, kitanda kimoja na mama mmoja wa Mbagala, tumelala mzungu wa nne, miguu yake usoni kwangu, vichanga viwili katikati.

Damu ilikuwa inatoka. Lakini haikuwa ile ya kwenye sinema, ya kumwagika watu wakapiga mayowe. Ilichuruzika tu, kimya, kama bomba ambalo halikufungwa vizuri. Nikabadilisha khanga. Nesi alipopita nikamwambia, akatupa jicho, akasema, "Kawaida hiyo mama, unajisafisha." Walikuwa wawili kwa wodi nzima, na mwenzake alikuwa ameitwa leba. Sitaki kumlaumu. Basi, nimlaumu kidogo. Nikaanza kusikia baridi, Dar hiyo, na kiu ambayo maji hayakuikata. Ndiye mtoto wangu wa kwanza, nilijuaje? Nilidhani uzazi ndivyo ulivyo: mtu unakuwa mwepesi mwepesi, sauti za watu zinasogea mbali.

Saa kumi na mbili mlango ukafunguliwa kwa wanaoleta chai. Nikamwona Mama wa Ujiji anakuja na chupa ya uji wa pilipili manga, amejitanda, ndala zikilia sakafuni. Alifika hatua mbili kutoka kitandani akasimama. Hakumtazama mjukuu. Nakumbuka hilo kwa sababu liliniuma: mjukuu wake wa kwanza wa kike, na bibi hamtazami. Alikuwa ananusa.

Akaweka uji chini. Akanishika kidole, akaufinya ukucha, akautazama. Akafunua shuka.

"Inuka kidogo, mwanangu."

Sikuweza, akaniinua yeye. Akaivuta khanga niliyoilalia. Ilitoka nzito, ikiwa imebadilika kutoka nyekundu kwenda rangi nisiyoijua. Akaikunjua yote, pindo hadi pindo, akaishika hewani mbele ya dirisha kama mtu anayenunua nguo Kariakoo na anaogopa kuuziwa yenye tobo. Mama wa Mbagala akageuza uso. Mimi nilikuwa natafuta pa kujificha. Nilitamani aikunje haraka kabla watu hawajaona.

"Nyingine iko wapi?"

Nikamwonyesha chini ya kitanda, kwenye beseni. Akainama, akaitoa hiyo nayo, akaikunjua vilevile. Hiyo ilikuwa ya kwake. Mgeni njoo. Maandishi hayakusomeka.

"Mbili," akasema, kwa sauti ndogo, si kwangu.

Na mimi, naapa, nilidhani anahesabu mali yake. Nilidhani anasikitikia doti yake mpya, aliyoipinda kwa mkono, haijavaliwa hata Idi moja. Nikakusanya nguvu zote zilizobaki mwilini nikamwambia:

"Samahani, Mama. Nitakununulia nyingine."

Alinitazama. Sijawahi kuweza kulieleza lile jicho. Mara nyingine naona lilikuwa la huruma, mara nyingine naona alitaka kunizaba kofi. Akazirudisha khanga zote mbili kwenye beseni, akalinyanyua, akaondoka nalo.

Meza ya nesi ilikuwa mwisho wa wodi, na kutoka kitandani nilikuwa naiona. Nesi alikuwa anaandika. Nikasikia, "Bibi, muda umekwisha, tokeni nje." Nikamwona Mama wa Ujiji, mtu ambaye hata konda wa daladala alikuwa akimwambia "shikamoo" ili ashuke salama, analiweka lile beseni la damu juu ya rejista, juu kabisa ya karatasi za serikali.

"Zihesabu."

"Bibi, huwezi kuweka—"

"Zihesabu. Mbili, chapachapa. Mtoto wa watu anakufa pale, wewe unaandika."

Yaliyofuata ni vipande. Magurudumu ya kitanda. Mtu anakandamiza tumbo langu chini ya kitovu kama anakanda unga wa chapati za watu mia. Dripu mikono yote miwili. Daktari kijana anayerudia "tuliza, tuliza" na sijui alikuwa anamtuliza nani. Mkono ulioingia ndani bila kuomba radhi, ukatoka na kipande cha kondo kisichozidi kidole gumba changu. Hicho tu. Kizazi kilikuwa kimeshindwa kujikaza kwa sababu ya hicho. Mdogo wangu na kijana wa bodaboda aliyemleta wakachangia damu, nikaongezewa uniti mbili. Jioni nilipozinduka vizuri, Zai alikuwa amelala kifuani kwa bibi yake, amefungwa kile kipande cha doti kilichobaki. Mwenzake ilikwenda na taka za hospitali kwenye tanuri.

Miaka ikapita ndipo nikamuuliza alijuaje. Alikuwa anachambua mchicha, hakuinua kichwa. Akasema ni semina. Kabla ya kuhamia Ujiji mjini alikuwa mkunga wa jadi kwenye vijiji vya kando ya ziwa, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 waliitwa wakafundishwa: khanga ya dukani vipimo vyake ni vilevile popote ulipo, kwa hiyo mzazi akilowesha moja, kaa macho. Akilowesha mbili, damu imefika nusu lita au imezidi, acha kusubiri. Wakapewa vidonge, vitano, havinywewi, vinawekwa nyuma. Kisha mama akimbizwe kituoni, kwa mtumbwi au kwa machela.

Nilidhani anakuza. Baadaye nikakuta imeandikwa. Dk. Godfrey Mbaruku, Mtanzania ambaye alifanya kazi Kigoma miaka mingi, na wenzake walichapisha mwaka 2005 makala za kitaalamu juu ya jambo hilohilo, khanga kama kipimo cha damu ya mzazi, na vidonge vya misoprostoli, dawa ya kukaza kizazi, mikononi mwa wakunga wa Kigoma. Nilikaa na simu usiku ule nikisoma kuhusu khanga kwa lugha ya maabara, nikakumbuka "nitakununulia nyingine", nikafunika uso kwa mto ingawa nilikuwa peke yangu.

Mwaka 2023 nikasoma habari nyingine. Hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini zilijaribu jambo lililo jepesi kulisema: mzazi wa njia ya kawaida anatandikiwa plastiki yenye mfuko wenye mistari ya kupimia, damu ikifika mstari, matibabu yote yanaanza kwa pamoja. Kukanda kizazi, dawa za kukikaza, dawa ya kugandisha damu, dripu, kukagua kama kuna kilichobaki au kilichochanika. Hakuna kujaribu kimoja na kusubiri. Madhara mazito ya kutokwa damu yakapungua kwa asilimia 60. Sababu mojawapo ni hii niliyoilalia mimi: jicho, hata la mtu aliyesomea, hukadiria damu chini ya ilivyo, hasa ikichuruzika polepole na kunywewa na nguo. Na Oktoba 2025 Shirika la Afya Duniani likasema hata nusu lita isisubiriwe. Mililita 300 zinatosha kuanza kazi kama mapigo ya moyo au presha vimeshaanza kuyumba.

Mama wa Ujiji alifariki 2019, hakuiona hiyo plastiki. Ningemwonyesha picha yake najua angesema nini. Angesema haina jina.

Takwimu nazo nzuri, sizipingi. Utafiti wa kitaifa wa 2015–16 ulikadiria vifo vya wazazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000, ule wa 2022 ukakadiria 104. Mimi simo kwenye hesabu ya kwanza, na ninapoziona namba hizo zikisomwa kwenye televisheni huwa nalifikiria beseni juu ya rejista. Je, siku ile angekuwa ameshuka stendi akakosa daladala? Na wale waliokuwa na mama wakwe wa kawaida, wanaobeba uji na kumtazama mjukuu kwanza? Mama wa Mbagala, kwa mfano, nani alikuwa anamhesabia? Sikuuliza hata jina lake.

Halafu kuna jambo ambalo sijawahi kujua niliweke wapi. Siku ile ya mchicha, nikiwa bado na shukrani zinazobubujika, nilimuuliza swali la kijinga. Nikamuuliza kabla ya semina ilikuwaje, alipoteza wazazi wangapi.

Aliendelea kuchuma majani. Akafika mwisho wa fungu, akafunga vijiti vyake kando.

"Kabla ya semina tulikuwa hatuhesabu."

Akaingia ndani kubandika sufuria. Sikuuliza tena, na yeye hakusema tena. Tangu hapo kila nikimsifu mbele za watu, kwamba mama mkwe wangu aliniokoa, huwa kuna wanawake nisiowajua wanapita nyuma ya maneno yangu, kando ya ziwa, bila namba.

Ndiyo maana Jumamosi Zai aliposimama mlangoni na khanga moja, sikuwa na pa kuanzia. Yuko darasa la saba. Mwezi wa pili amevunja ungo, bado anatembea kama mtu aliyekabidhiwa siri ya nchi. Nimwambie leo, nimtie hofu? Nisimwambie, halafu nani amhesabie zake?

"Mama. Mwenzake iko wapi?"

"Iliungua," nikasema. Na hilo, ukilipima vizuri, si uongo.

"Iliungua na nini?"

"Pasi."

Aliitazama khanga, akanitazama mimi, akaitazama bakuli yangu ya mawe.

"Mama, wewe hata sketi yangu ya shule hupigi pasi."