Hitilafu iliyonifanya nicheleweshe toleo

Desemba 2023 nilibakiza siku tatu kukabidhi flashi za mfumo endeshi tunaowaandalia walimu wa kompyuta wa sekondari. Tunaujenga juu ya Debian 12, mfumo endeshi huria. Orodha yangu ilikuwa na hitilafu 31.

Iliyopigiwa kelele zaidi ni ya printa: karatasi ilitoka imekatwa ukingo wa kulia, na walimu wote waliotujaribia waliilalamikia. Nyingine iliandikwa mstari mmoja tu: umeme ukikatika katikati ya kusasisha, mashine haiwaki tena. Ilitokea mara moja, kwenye kompyuta moja.

Nilifuata kipimo cha Debian wenyewe. Kwao kinachozuia toleo ni hitilafu inayovunja mfumo au kupoteza data, inayofanya kifurushi cha programu kisitumike, au inayokiuka vibaya sera yao. Idadi ya waliolalamika haimo.

Basi nikachukua laptop kuukuu isiyo na betri, nikaanza kusasisha, kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ilipokuwa inasakinishwa nikachomoa waya. Mara tatu iliwaka vizuri. Ya nne ikabaki skrini nyeusi na kistari kinachopepesa. Kosa lilikuwa letu: ili kubana nafasi ya diski, tulikuwa tunafuta kerneli ya zamani kabla mpya haijakamilika.

Mratibu wetu hakufurahi. “Mwanangu, printa wamelalamika wote unaiacha, unazuia kazi kwa kitu kilichotokea mara moja?”

“Mama, karatasi ikikatwa mwalimu atachapisha upya. Mashine ikigoma kuwaka kule shuleni, nani atapanda basi kwenda kuiwasha?”

Akanyamaza kidogo, kisha akaanza kuzipigia simu shule.

Jumamosi ya tarehe 9, tukiwa bado tunarekebisha, Debian nao wakasimamisha toleo lao la 12.3: kerneli 6.1.64 ilikuwa na kasoro ya ext4, mfumo wa kuhifadhi faili kwenye diski, inayoweza kuharibu data. Kesho yake wakatoa 12.4. Kerneli ile ile tulikuwa tumeshaipakua kwa ajili ya flashi zetu. Nilikaa kitini muda mrefu nikiwafikiria wale walimu.

Tulichelewa siku tisa. Ya printa tuliitengenezea faili dogo la marekebisho, tukawatumia walimu kwa WhatsApp baada ya shule kufunguliwa. Kabla ya kunakili flashi nilichomoa waya mara 20. Mara tatu mashine iliwaka kwa kerneli ya zamani, lakini iliwaka.