Chumba cha uani kina mwenyewe

Kila nikisema nilikaa Pemba karibu miaka miwili, kisiwa kinachosifika kwa uchawi na majini, watu wananiuliza swali lile lile, "vipi, hukuona kitu?", na sauti wanaishusha kabisa kama tupo chumba cha mgonjwa. Nimechoka kusimulia mmoja mmoja, naandika yote hapa.

Kwanza mama. Mimi kwetu Mbeya. Nilivyompigia kumwambia nimepata kazi Chake Chake, mkataba, mshahara si haba, akakaa kimya mpaka nikaangalia simu nikidhani vocha imekata. Baadae akasema "mwanangu, si bora hata Sumbawanga?" Yaani mtu wa Mbeya akikwambia bora Sumbawanga ujue hali ni mbaya, maana kwetu sisi Sumbawanga ndo kule watu wanatumiana radi.

Nikaenda hivyo hivyo. Boti mpaka Mkoani, daladala mpaka Chake, na kitu cha kwanza kunipokea kilikuwa harufu, msimu wa karafuu huo, zimeanikwa kwenye majamvi pembeni ya barabara mwendo mzima. Chumba nikaonyeshwa nyuma ya soko, nyumba ya bibi mmoja ambaye mtaa mzima unamwita Bi Mkubwa. Kodi ilikuwa nafuu mpaka nikaingiwa na wasiwasi. Tukazunguka, hapa jiko, hapa choo, maji yanatoka asubuhi na magharibi, hiki ndo chako, na kile cha uani kina mwenyewe.

Nikauliza mwenyewe anarudi lini, nikijua ni mpangaji kasafiri.

"Harudi. Yumo."

Mlango ulikuwa wazi. Ndani kuna mkeka, chetezo, chupa ya marashi ya mawaridi na kanzu nyeupe imetundikwa kwenye msumari. Basi. Nikamwambia Bi Mkubwa mbona simwoni. Akasema "we utamwonaje?" wala hakushusha sauti wala nini, akaunganisha hapo hapo na mambo ya umeme, kwamba tutachangia wawili, mimi na yeye, yule hatumii.

(Umeme wenyewe wa Pemba tangu 2010 unatoka Tanga, kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Kutoka Tanga. Kwenda Pemba. Wabongo mnaojua sifa za uchawi za hizo sehemu mbili mmeshacheka.)

Nikajifunza taratibu kwamba mwenyewe ni ruhani. Si kila kitu ni "jini" tu kama tunavyosema bara, wenzetu wana makabila kabisa. Ruhani ni Muislamu, asili yake Uarabuni, anapenda weupe, usafi, udi, marashi. Rubamba ni wa Pemba hapo hapo, mzawa. Halafu kuna kibuki, huyo katokea Bukini, yaani Madagaska, Mkristo, na anakunywa, akipanda mtu kichwani anataka brandi na ngoma yake ifanywe vizuri. Vibuki Bi Mkubwa hakuwa nao habari, alisema hao ni wa watu wa Mjini Unguja, kwa ile sauti mtu anayotumia akiwasema majirani wanaopiga muziki usiku. Nikamuuliza sasa mimi Mkristo, yeye Muislamu, itakuwaje? "Mbona mimi na wewe tunakaa?"

Tatizo lilikuja kwenye dagaa. Nilikuwa nimebeba dagaa wa kwetu, wa Ziwa Nyasa, mfuko mzima, nikawaunga jikoni alhamisi jioni, na jiko lipo ukuta mmoja na kile chumba. Bi Mkubwa akatoka na kanga yake kichwani. "Mwanangu, unamuudhi mwenzio." Nikajua ananizungumzia yeye mwenyewe kwa mafumbo, ndo tabia ya watu wa pwani, nikaomba radhi sana. Akasema mimi sina neno, mimi hao dagaa nitakula, lakini usiku wa kuamkia ijumaa yule hataki harufu mbaya. Nikauliza na pweza je, maana pweza wa kuchoma pale Chake jioni nilikuwa nishakuwa mteja. Akafikiri kidogo. "Pweza haimkeri. Wa kupika nje lakini."

Tukakubaliana hivyo, na mpaka naondoka sijapika dagaa alhamisi hata moja. Mnaniuliza kama naamini, nami nawauliza, mngekuwa nyie mngewapika?

Siku niliyomsikia ilikuwa alhamisi kama hiyo. Binti wa Bi Mkubwa kaja na ubani, wamekaa mle ndani na jirani mmoja, mimi nipo baraza ya uani nakata nyanya chungu, mlango wazi kama kawaida. Moshi umejaa. Bi Mkubwa akaanza kupumua kwa nguvu, mabega yakacheza, halafu sauti ikatoka nzito, ya mwanaume mzee, Kiswahili chenye Kiarabu ndani yake. Miguu yangu ikaisha nguvu, siwadanganyi, nikawa naangalia geti. Binti akasalimia kwa heshima, "shikamoo babu". Yule babu akaitikia. Na unajua alikuja na shida gani? Kanzu yake. Wiki tatu haijafuliwa. Kaongea kuhusu hiyo kanzu dakika kumi nzima, kwamba mnanivalisha vumbi, mnanidharau, na binti anajitetea "babu, mvua haijakatika, tutafua kesho ishallah". Akanyunyiziwa marashi akatulia. Baadae kidogo Bi Mkubwa akafungua macho, kachoka, kalowa jasho, akauliza "kasemaje leo?" Binti akamwambia kanzu. Bi Mkubwa akasema "nilijua tu."

Kesho yake nilimkuta anaifua.

Yeye kwa lugha yao ni kiti, maana ruhani anamkalia. Alimrithi kwa bibi yake, hakuomba wala hakutafuta, na akaniambia miaka ya mwanzo alimsumbua sana, maradhi yasiyo na jina, hospitali hawaoni kitu, mpaka alipotengewa chumba ndo wakapatana. Hapo sikumbishia. Nimekua mahali ambapo mtu akiugua ugonjwa usioeleweka anatafutwa mchawi, na Kanda ya Ziwa bibi wa watu anauliwa kwa panga kwa sababu macho yamekuwa mekundu, na macho yenyewe ni moshi wa kuni za miaka hamsini. Hapa bibi anafua kanzu na kila mtu analala.

Sisemi Pemba hakuna hofu. Hofu ipo, tena ya kutosha, hasa ikija habari ya wachawi, na Giningi kwa Bi Kirembwe, huo mji wao usioonekana, hakuna aliyenitania nao usiku. Na popobawa je, lile jini la usiku lenye jina la popo. Dereva wa bodaboda aliyekuwa ananibeba kila siku alikuwa mtoto mwaka 1995, Ramadhani, miezi michache kabla ya ule uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, popobawa alipoanza Pemba, akavuka Unguja, akafika mpaka Dar. Kazi yake aliyokuwa anawafanyia watu usiku ulizeni wazee, mimi siandiki, mama anasoma hapa. Ila alipendelea watu walio ndani wamelala, kwa hiyo mitaa mizima ikahamia nje, moto umekokwa, watu wazima wanakesha macho mekundu. Nikamwambia pole. Akasema pole ya nini, sie watoto tulikuwa hatutaki iishe, unalala na rafiki zako wote mkeka mmoja, chai inapikwa mpaka alfajiri, nani anakupa hiyo siku hizi?

Huyo huyo ndo alinipeleka Kidike kuona popo wenyewe, wa kweli, maana Pemba ina popo wake ambao hawapatikani kwingine kokote duniani, mabawa yakinyooshwa yanafika mita 1.6, mrefu kuliko mimi. Waliwindwa kwa kuliwa mpaka karibu waishe, sasa hivi wanakijiji wanawalinda na mgeni analipa kuingia. Wananing'inia mchana kama miavuli iliyosahaulika, wanagombana, wananuka. Dereva anasema hawa hawana uhusiano na yule. Kasema kwa haraka sana.

Vitu vidogo ndo vingi. Ukimwaga maji ya moto uani usiku unasema bismillahi au walau "pisheni jamani", usije ukamuunguza mtu usiyemwona. Dukani giza likiingia sindano huuziwi. Chumvi unaiita dawa ya mboga, nyoka unamwita ukambaa, na mimi siku ya kwanza niliingia duka la watu saa mbili usiku nikasema kwa sauti ya Mbeya "naomba chumvi ya mia mbili na sindano", duka zima likageuka. Muuzaji akaniuliza kwa upole mgeni wa wapi. Mashambani utaona mnazi umefungwa kitambaa chekundu au kichupa kimening'inia, ndo kago hilo, ukipanda kuiba nazi hushuki. Nilimuuliza mwenye shamba mmoja kama kuna mtu amewahi kukwama juu. Akasema bado, si unaona linafanya kazi? Hiyo hoja mpaka leo natafuta pa kuishika.

Ila kilichonigusa kuliko vyote ni Pujini. Kutoka Chake ni mwendo wa kilomita kama kumi, unafika kwenye kichaka, hamna mtu, mibuyu na kuta za udongo na mawe zilizobaki, ndo ngome ya Mkama Ndume, mtawala wa karne ya 15 huko. Jina lenyewe linatisha, kukama si kukamua? Mkamua madume. Wanasema alikuwa mkali kiasi kwamba waliomjengea walibeba mawe kichwani huku wanajiburuza kwa makalio. Na kuna kisima, humo ndo nikacheka peke yangu, eti alikuwa na wake wawili wasiopatana, kisima kikakatwa ukuta katikati, mmoja anateka kwa ndoo na kamba, mwenzie anashuka kwa ngazi, ili wasionane. Yaani mkatili wote ule, nyumbani kwake anajenga ukuta wa kisima kutafuta amani.

Sasa pale pale kuna chumba chini ya ardhi. Unashuka, ndani kwenye ukuta kuna siwa, ile pembe ya ufalme, imefanywa kwa chokaa. Wachimbaji wa mambo ya kale waliofukua wanapatafsiri kama mahali pa mizimu, wa humo humo ndani ya ngome. Nilisimama pale nikanusa, nadhani kuna mtu alikuwa amechoma ubani siku si nyingi. Nikawaza, huyu bwana alikuwa na askari, kuta, wake wawili na kisima cha ugomvi, na bado kwenye ramani ya nyumba yake alitenga chumba kimoja ambacho yeye hakai. Bi Mkubwa na vyumba vyake vitatu na bati linalovuja kafanya vile vile. Kumbe pale nyumba inapangwa hivyo, jiko, choo, kisima, na cha mwenyewe. Niliporudi nikamsimulia nikidhani nimegundua kitu kikubwa. Akasema "ala, sasa ulitaka akae wapi?"

Mkataba uliisha mwezi wa sita. Siku ya kuondoka Bi Mkubwa alinifungia karafuu kwenye gazeti na halua, akaniambia ingia ukamuage na mwenzio. Nikaingia, nikavua viatu, nikasimama mbele ya kanzu kwenye msumari kama mjinga, nikasema "haya babu, mie naondoka, asante kwa kukaa vizuri." Hakuna kilichotokea. Pazia halikucheza, hakuna upepo, samahani kwa waliokuwa wanasubiria.

Wiki iliyopita Bi Mkubwa kanipigia. Kapata mpangaji mpya, kijana wa kampuni fulani ya simu, anakaanga samaki usiku wa kuamkia ijumaa, ameambiwa mara mbili anacheka tu, na yule kanuna, hasemi tangu mwezi ulioisha, hata kanzu haiulizii. Bi Mkubwa ana wasiwasi naye kweli kweli, kama mtu mwenye mzee ndani aliyegoma kula. Akasema juzi kidogo kapanda, na kauliza yule msichana wa dagaa yuko wapi.

Nimemwambia nikipata likizo desemba nitakuja, nitamletea marashi mazuri kutoka Kariakoo. Akasema marashi yapo mwanangu, tele. Niletee mchele wa Kyela.