Mkono wa kulia wa Baba

Jumanne usiku. Baba amelala mapema, kama kawaida yake siku za mashine. Nimekaa jikoni, mvua ya Kisumu inapiga mabati, na nataka kuyaandika haya leo kabla sijasahau yalivyotokea.

Kila Jumanne na Ijumaa tunatoka Migosi alfajiri kwa tuktuk kwenda hospitali, Baba amevaa sweta mbili na kujifunika blanketi, kwa sababu damu ikitoka mwilini na kurudi inamletea baridi hata jua likiwa kali. Kisukari kilimla figo polepole kwa miaka mingi, na tangu mwaka juzi anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, kila mara saa nne nzima. Kwenye mkono wake wa kushoto daktari wa upasuaji aliunganisha ateri na vena, na ukiweka kiganja hapo unahisi mvumo kama wa nyuki waliofungiwa kwenye mzinga. Sindano mbili huingia pale. Moja inatoa damu, nyingine inairudisha. Akikunja kiwiko kidogo tu, mashine inalia na sista anakuja mbio.

Kwa hiyo kwa saa nne mkono wa kushoto si wake. Anabaki na wa kulia, na huo nao una shida zake: ncha za vidole zimekufa ganzi, hawezi kufunga kifungo cha shati bila kukitazama. Jicho la kushoto lilivuja damu kwa ndani, sasa anaona ukungu. Televisheni ya ukutani iko mbali mno kwake. Redio aliichoka. Mwezi wa tatu hivi nilimkuta ameangalia dari, midomo ikitembea, nikadhani anasali. Akaniambia alikuwa anahesabu vigae.

Baba alikuwa karani wa mizigo reli. Alifanya kazi hiyo hadi akastaafu, na mchana akitoka ofisini alicheza drafti na wenzake, kete zao vifuniko vya soda, wengine wamegeuza vya kwao chali ili wajue nani ni nani. Nyumbani Siaya ilikuwa ajua, bao letu la Kijaluo la kupanda kete kwenye vishimo. Wazee wachache waliwahi kumfunga ajua chini ya ule mwembe wetu, na hao wachache anawakumbuka majina yao mpaka leo, na mwaka. Mtu wa namna hiyo ukimwacha saa nne na dari unamuua kwa njia nyingine.

Ndipo nikaanza kutafuta gemu ya mkononi.

Nilianza na ile ya bei rahisi, ile ya plastiki yenye matofali yanayoanguka, inayotumia betri mbili ndogo. Sisi watoto wa miaka ya tisini tunaijua vizuri. Niliipata soko la Kibuye siku ya Jumapili, nikaifuta vumbi, nikampelekea Baba nikiwa na furaha sana. Haikumaliza hata dakika kumi. Skrini yake haina taa, rangi yake ni kijivu juu ya kijivu, na kwa jicho lenye ukungu pale hapana kitu. Tena matofali hayasubiri mtu. Yanaanguka upende usipende, na kila yalipomshinda mashine ile ililia kwa sauti kali hadi wagonjwa wawili wakageuka. Baba aliiweka kifuani, akanishukuru. Ile shukrani iliniuma kuliko kama angeitupa.

Halafu nikajaribu simu yake. Michezo ya bao ya bure ipo mingi. Lakini matangazo! Unacheza mara tatu, linatokea tangazo, na kialama cha kulifunga ni kidogo kama chembe ya mtama kwenye kona. Kidole chenye ganzi hakikipati. Anagusa tangazo lenyewe, linamfungulia duka, anarudi nyuma, mchezo umepotea. Na katikati ya hayo yote shangazi anapiga kutoka Ugunja kuuliza kama ameshamaliza.

Kaka yangu wa Nairobi ndiye aliyeleta wazo la mazoezi ya ubongo. Nintendo DS, ile yenye skrini mbili inayofunguka kama kitabu, ilitoka mwaka 2004, na mwaka uliofuata Wajapani wakaiundia mchezo wa hesabu za haraka na kusoma kwa sauti, uliojengwa juu ya kazi ya mtafiti wa ubongo Ryuta Kawashima. Wazee wengi waliununua. Kaka alipata 3DS XL iliyotumika, toleo la baadaye la hiyo DS, akaituma na basi la usiku. Mimi pia nilidhani tumepata. Ilikuwa na kalamu yake, ilikuwa na mwanga, ilikuwa ya mzee.

Baba alifanya hesabu za kujumlisha, akapata zote, mashine ikampongeza. Akaifunga.

"Mama," akasema. Ananiita Mama kwa sababu nimebeba jina la mamake. "Hapa wananipima uzito nikiingia na nikitoka. Wananipima presha kila saa. Wanapima potasiamu, wanapima damu. Na wewe unaniletea kitu cha kunipima akili?"

Sikuwa na jibu. Niliangalia vile vidole vyake vimeishika ile kalamu nyembamba kwa nguvu mpaka kucha zimekuwa nyeupe, kwa sababu haisikii ikiwa mkononi, na nikaona kwamba muda wote huo nilikuwa nikiuchagulia ugonjwa wake. Nilisoma kuhusu wazee, kuhusu kisukari, kuhusu kumbukumbu. Kuhusu mwanamume wa reli anayetaka kumfunga mtu ajua sikusoma lolote.

Basi nikaanza upya. Usiku, kwenye simu, baada ya kuosha vyombo. Niliandika kwenye karatasi: mkono mmoja. Imsubiri, isimkimbize. Iangaze. Isimame yenyewe. Ifutike kwa spiriti. Iwe na mtu wa kushindana naye. Nikaibandika kwenye friji.

Uzito ulinishughulisha zaidi kuliko nilivyotarajia. Ukiwa mzima, gramu mia tatu si kitu. Ukiwa umelala nusu, mkono mmoja, saa nne, gramu mia tatu ni jiwe. Steam Deck, iliyotoka 2022, ina michezo isiyo na idadi, lakini inazidi gramu 600, nikaiacha hapohapo. Nikaipenda Nintendo Switch Lite ya 2019: gramu 275 tu, rangi nzuri, na bei ndiyo ndogo katika ndugu zake. Nusura niilipie. Nilikuwa nimeshaandika ujumbe kwa muuzaji. Kisha nikaitazama picha tena, nikaona kwamba vidhibiti vyake vimeungana na skrini, havitoki, na nyuma haina mguu wa kuisimamisha. Ni lazima ishikwe, na imeumbwa kwa mikono miwili. Kwa mtu mwingine ingefaa sana. Kwa Baba ingekuwa ile ya matofali kwa mara ya pili, tofauti ni kwamba hii ningeilipia mshahara.

Switch ya kawaida, iliyoanza mwaka 2017, vidhibiti vyake viwili vinachomoka pembeni, na kila kimoja kinafanya kazi peke yake. Ile ya 2021 yenye skrini ya OLED ina kioo cha inchi saba chenye weusi mweusi kwelikweli, na nyuma ina ubao mpana wa kuiegemeza unaokwenda upana wote wa mashine. Kwa jicho la Baba ule weusi ni jambo kubwa. Hahitaji rangi nyingi, anahitaji kitu cheupe kitoke kwenye kitu cheusi. Mipangilio yake inaruhusu pia kukuza sehemu ya skrini, na kubadilisha kazi za vitufe ili kitufe kilicho mbali kihamie karibu na kidole gumba. Haya ya kubadilisha vitufe sikuwahi kusikia mtu dukani akiyataja, na kwa mgonjwa ndiyo yangepaswa kutajwa kwanza.

Tulichanga, sisi watoto wanne. Tulinunua iliyotumika. Mchezo tuliununua wa kadi, ile ya kuchomeka, ili tusile bando la kupakua. Ni mkusanyiko wa michezo 51 ya dunia uliotoka 2020. Mna drafti, mna dhumna, mna karata. Na wa kwanza kabisa kwenye orodha ni mankala, yaani hiyohiyo familia ya bao na ajua. Niliposoma hilo nilikaa chini. Miezi yote ile, na vishimo vilikuwa vinamngoja humo ndani.

Siku ya kwanza niliisimamisha kwenye kimeza kinachopita juu ya kitanda, nikachomoa kidhibiti cha kulia, nikakilaza juu ya paja lake la kulia. Hakukishika. Alikiwekea kiganja tu, kidole gumba kikasukuma kijiti, kisha kikahamia kwenye kitufe. Kidhibiti kile ni chepesi, kina mgongo mviringo, na kwa kuwa kimelala pajani ganzi haikumsumbua, kwa sababu hakuna cha kukibana. Skrini ikawaka. Safu mbili za vishimo sita sita, kete nne kila kimoja, na shimo refu kila upande la kuwekea mavuno.

Aliangalia kwa muda.

"Hii si ajua," akasema.

"Karibu na ajua, Baba."

"Vishimo havitoshi. Na hili shimo la kando ni la nini?" Lakini kidole gumba kilikuwa kimeshaanza kutembea.

Mashine ilimfunga mara mbili. Mara ya tatu alikaa kimya muda mrefu, hakuna kilichomharakisha, kisha akapanda kete zake, ya mwisho ikaangukia shimo la mavuno, akapewa zamu nyingine, akapanda tena, ikaangukia tena. Alicheka kwa sauti. Sista alitoka kwenye meza yake kuja kutazama kama kuna shida. Alitutaka tu tuzime sauti ya mchezo, kwa sababu lazima kengele za mashine zisikike, na alikuwa na haki. Siku hizi tunacheza kimya.

Hayo yalikuwa wiki tano zilizopita. Kilichonifanya niandike ni cha leo.

Kiti cha pili kutoka kwa Baba hukaa jaduong', yaani mzee, mmoja wa Ahero, mkulima wa mpunga, mtu wa maneno machache. Yeye sindano zake ziko mkono wa kulia. Kwa wiki hizi zote alikuwa akigeuza shingo kidogo, anatazama, anarudisha macho. Leo kiti cha katikati kilikuwa kitupu. Baba alimaliza mchezo, akasema bila kumtazama mtu, kwa Kijaluo, kwamba mashine hii haijui kucheza, inajua kuhesabu tu. Jaduong' akajibu kwamba hata yeye, Baba, kile kishimo cha mwisho alikikosea.

Nilimwomba sista ruhusa. Alisita, akapima umbali kwa macho, akasema sawa, mradi kila kitu kifutwe kwa spiriti na asiwepo wa kunyanyua mkono wa sindano. Tukasukuma kimeza katikati. Nilichomoa kidhibiti cha kushoto, nikakifuta, nikasubiri kikauke, nikakilaza juu ya paja la kushoto la jaduong'. Sikuwa nimewaza kamwe kwamba vile vidhibiti viwili ni vya watu wawili wenye mkono mmoja mmoja.

Walicheza karibu saa moja na nusu. Baba alikuwa na mkono wa kulia, mwenzake wa kushoto, na kati yao skrini imesimama kama mtoto anayetazamwa na babu wawili. Walibishana sana. Jaduong' anasema kwao Ahero kete za kuliwa hazichukuliwi hivyo. Baba anasema kwao Siaya pia, lakini sheria ya hapa ni ya hapa. Mara moja mashine ya Baba ililia, nikaruka, kumbe alikuwa amesogea kidogo kutaka kumwonyesha mwenzake kishimo kwa mkono usiofaa. Aliomba msamaha kwa sista kama mtoto wa shule, akarudi kwenye mchezo.

Jaduong' alishinda mbili, Baba moja. Wakati sindano zinatolewa na nikimkandamizia pamba, dakika zile kumi za kubana hadi damu ikatike, Baba hakuniuliza saa. Kwa kawaida huniuliza mara tatu.

Tulitoka. Barabara ya Kondele ilikuwa imejaa, tuktuk ikawa inakwenda hatua kwa hatua kati ya matatu na mikokoteni. Baba aliegemea, mkono wa kushoto umefungwa bendeji na kufunikwa leso, macho yamefumba. Nilidhani amelala. Kisha nikaona mkono wa kulia. Kidole cha shahada kilikuwa kinagusa goti, kinasogea, kinagusa, kinasogea, polepole, kutoka kushoto kwenda kulia, kikafika ukingo wa goti kikarudi. Midomo ilikuwa ikitembea, kama siku ile ya vigae.

"La tatu," akasema, bado macho yamefumba. "Ningeanza na shimo la tatu, Mama. Chaji hicho kidude cha kushoto vizuri, Ijumaa kisije kikazimika mkononi mwake akapata sababu."