Betri Mbili za Redio ya Shangazi

Mwezi wa Agosti mwaka 2009, wiki mbili hivi kabla ya Ramadhani, nilikwenda Jambiani, pwani ya kusini-mashariki ya Unguja, kumtembelea shangazi yangu. Mfukoni nilikuwa na kamera ndogo, Canon PowerShot A570 IS, niliyoiuziwa na mtu mjini ikiwa imekwisha kutumika. Ilikuwa kamera ya mwaka 2007 yenye pikseli milioni 7.1, na niliipenda hasa kwa sababu ilitumia betri mbili ndogo za kawaida, zile zinazopatikana katika kila duka la kijijini.

Shangazi alikuwa mkulima wa mwani tangu siku za mwanzo za kilimo hicho katika pwani yetu, mwishoni mwa miaka ya 1980. Kazi yenyewe hufuata bamvua, zile siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, maana ni wakati huo tu maji hupwa mbali kiasi cha kumwezesha mtu kusimama shambani, maji yakiwa magotini, akafunga mbegu kwenye kamba na kuvuna ule uliokomaa. Nilipomwomba kufuatana naye na kumpiga picha alinyamaza kidogo, na nilielewa kwa nini. Wanawake wa mwani wa pwani ile hupigwa picha mno na wageni wanaosimama mbali na lenzi ndefu, na wengi wao hugeuza uso au huvuta kanga mara wanapoiona lenzi.

Nikaitoa kamera nikampa mkononi. Aliigeuzageuza, akaona si kubwa kuliko kipande cha sabuni ya kufulia kilichokatwa nusu.

“Hii haina neno,” akasema. “Wale wenzako wana mabomba, mwanangu. Bomba likikuelekea, hata mkono hujui uuweke wapi.”

Tulitoka saa tatu asubuhi, na kufika saa nne maji yalikuwa yamejitenga na pwani, mchanga mweupe ukimetameta hadi karibu na mwamba wa nje ambako mawimbi yalikuwa yakivunjika. Kwa mpiga picha mwanga wa namna ile ni mtihani, na kwa mwenye kamera ya kihisi kidogo, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga badala ya filamu, ni mtihani zaidi, kwa kuwa sehemu angavu huungua upesi zikawa nyeupe tupu, na kilichoungua hakirudishiki. Nikapunguza mwanga kwa theluthi mbili za stopu (stopu moja nzima hupunguza mwanga kwa nusu) ili mawingu yasipotee. Hapo nyuso zilizokuwa chini ya kofia za ukindu zikawa giza, nikalazimika kuwasha flashi mchana kweupe. Watu wengi hudhani flashi ni ya usiku. Mimi naiona ina faida kubwa zaidi chini ya jua la saa nne, inapoingia kwenye kivuli cha kofia na kuyatoa macho ya mtu, na ngozi nyeusi ikapata mng’ao wake badala ya kuwa doa.

Flashi hiyo ndiyo iliyonimalizia betri. Nilikuwa nimepiga picha arubaini hivi, bado sijaipata hata moja ya kuniridhisha, pale lenzi iliporudi ndani yenyewe na kioo kikazima. Nilizitoa betri, nikazisugua kwa kanzu, nikazirudisha. Ikawaka kwa muda wa pumzi moja, ikazima tena. Dukani nilikuwa nimechagua za bei rahisi kuliko zote, na za akiba sikununua. Kurudi pwani na kuja tena kungechukua zaidi ya nusu saa, na maji yalikuwa karibu kuanza kujaa.

Shangazi aliinama juu ya kamba yake bila kunitazama. Kando yake, kwenye kigingi kirefu, alikuwa ametundika mfuko wa plastiki wenye redio ndogo iliyokuwa ikiimba taarabu. Akauliza, “Za kwako zinalingana na za humu?” Zililingana. Akanawa mkono, akaufuta kwenye kanga, akafungua mfuko, na taarabu ikakatika. “Chukua, utanirudishia.”

Betri za redio huwa zimekwisha kutumika, kwa hiyo nilijua nina picha chache tu. Nikaizima flashi, nikakizima na kioo nikawa natazama kupitia kidirisha kidogo cha juu ya lenzi, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile nikafikiri kabla ya kubonyeza. Kihisi cha kamera ile kina ukubwa wa milimita 5.8 kwa 4.3 hivi, wakati fremu ya filamu ya kawaida ni milimita 36 kwa 24, eneo kubwa zaidi kwa karibu mara 35. Kwa kihisi kidogo namna hiyo lenzi nayo huwa fupi sana, na lenzi fupi huona vizuri karibu na mbali kwa pamoja. Tundu la lenzi likiwa kwenye kipimo cha 5.6, nikilenga kitu kilicho mbali kiasi cha mita moja na robo, basi kila kitu kuanzia sentimita sitini hadi upeo wa macho hutoka wazi.

Nilichuchumaa mpaka maji yakanifika kifuani, kamera nimeishika kwa mikono miwili juu kidogo ya uso wa maji. Mbele kabisa ulikuwa mwani uliofungwa kambani, rangi yake kati ya kahawia na kijani; nyuma yake mikono ya shangazi na uso wake ulioangazwa na maji kutoka chini, kiasi kwamba flashi haikuhitajika tena; kisha wanawake wengine, mmoja mmoja katika mashamba yao; kisha mstari mweupe wa mwamba. Nililenga bega lake, nikashikilia kitufe nusu, nikangoja ainue macho. Nilipiga mara sita. Ya nne ndiyo iliyoniridhisha.

Siku hizi napiga kwa simu, na simu yangu ina hali ya kufifisha kila kilicho nyuma ya mtu ili picha ifanane na ya kamera kubwa. Kwa uso wa bibi harusi sina ubishi nayo. Mimi huizima, kwa sababu ya yale yaliyotokea nilipomrudia shangazi baada ya Idi, nikiwa na picha ile ya sentimita 10 kwa 15 niliyoisafishisha mjini.

Alijitazama kidogo tu. Kisha akaisogeza picha mlangoni penye mwanga, akaanza kuwasoma waliokuwa nyuma yake, wadogo kama punje za mchele. Yule aliyejifunga kanga kiunoni akamjua kwa mwinamo wake. Mwingine akamjua kwa vigingi vyake, kwamba huvipanga karibu karibu. Alipofika kwa wa mwisho kabisa, karibu na mwamba, alikaa kimya, akasema huyo ameliacha shamba, ameolewa Pemba, na kwamba kofia ile walisuka pamoja.

Nikampa betri nne mpya. Mbili akazitia redioni, mbili akazifunga kwenye pindo la kanga.