Mgongo uliopauka

Leo nimevitoa vitabu vyote rafuni kuvifuta vumbi, nikaona nilichokifanya. Miaka mitatu rafu ile imetazamana na dirisha. Nakala yangu ya zamani ya wachapishaji Penguin, ile yenye rangi ya chungwa juu na chini na nyeupe katikati, ukiitazama usoni bado inawaka. Igeuze ubavu: mgongo umepauka mpaka umekuwa kama chai ya maziwa. Pale jalada linapojikunja kuingia mgongoni kuna ufito mwembamba, rangi mbili zinapokutana. Nimeupitisha kidole mara nyingi. Umeniuma sana.

Huwa naulizwa kwa nini nanunua riwaya ambayo tayari ninayo. Ninayo, ndiyo, na moja ninayo mara nne. Maneno ni yale yale, lakini kila msanii aliyepewa jalada aliisoma kwa macho yake, na mimi nataka kuona alichokiona. Mwaka 1894 mchoraji Hugh Thomson aliipamba Pride and Prejudice, yaani “Majivuno na Chuki”, riwaya ya Jane Austen, kwa tausi wa dhahabu, mkia umetanda karibu jalada zima. Ndege anayeringa kuliko wote! Kabla hujafungua ukurasa wa kwanza umeshaambiwa ni upande gani wa hadithi uliomshika Thomson.

Na kuna wakati jalada humtangulia mwandishi mwenyewe. Fitzgerald alikuwa bado anaiandika The Great Gatsby alipomsihi mhariri wake asimpe mtu mwingine jalada lile, kwa kuwa alikuwa ameshaliandika ndani ya kitabu. Kitabu kilipotoka 1925, jaladani yakawa yale macho aliyoyachora Francis Cugat, yanayoelea juu ya taa za mji usiku. Kila nikiyatazama hujiuliza riwaya ingekuwaje bila macho hayo.

Penguin walipoanza mwaka 1935 hawakutaka picha kabisa: chungwa kwa riwaya, kijani kwa hadithi za upelelezi, na yule ndege wa nembo yao, pengwini, ambaye Edward Young alikwenda kumchora bustani ya wanyama. Nayapenda majalada hayo kwa utulivu wake. Ila moyo wangu uko zaidi kwa majalada ya African Writers Series, mfululizo wa vitabu vya waandishi wa Kiafrika, ya miaka ya 1970, hasa yale ya George Hallett, mpigapicha wa Afrika Kusini aliyekuwa uhamishoni. Kwangu hayo ndiyo majalada bora ya karne nzima ile, na sijali nani atabisha.

Rafu nimeihamishia ukuta mwingine, mbali na jua. Nilifikiria kutafuta nakala nzima badala ya ile iliyopauka, nikaisogeza karibu na taa kuikagua. Rangi ya chungwa imekwenda, lakini wino mweusi haujatetereka: jina la kitabu na la mwandishi vinasomeka herufi kwa herufi. Nimeirudisha mahali pake.