Kivuli cha simtanki

Juni 2024 niliamini kabisa kwamba paneli zetu za sola zimeanza kufa. Masika ilikuwa imeisha, mbingu safi, upepo wa kusi unapuliza, hakuna wingu la kusingizia, na bado betri ilikuwa inafika saa tisa alasiri haijajaa. Januari, wiki ile tuliyofungiwa paneli hizo, ilikuwa inajaa kabla ya adhuhuri. Nikampigia fundi. Akaja, akapanda, akapangusa vumbi, akapima, akasema paneli ni nzima. Alikuja saa tatu asubuhi. Hilo la saa nitalirudia.

Tunakaa Mlandizi, mimi, wanangu wawili na Mama. Sola tuliifunga kwa ajili ya Mama. Ana kisukari, anachoma insulini asubuhi na jioni, na chupa ambazo hazijafunguliwa zinatakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8. Mgao wa umeme wa miezi ya mwisho ya 2023 ulitukuta tunahangaika na vipande vya barafu kwenye chupa ya chai, na barafu nayo ina hatari yake, maana insulini ikishaganda ni ya kutupa. Nikachukua mkopo kwenye kikoba chetu, tukafunga paneli sita za wati 550, inveta ya kilowati 5 (ndiyo inayogeuza umeme wa paneli na betri uwe wa kutumika nyumbani) na betri moja ya lithiamu ya volti 51.2, amp-saa 100. Ukizidisha, betri hiyo inabeba uniti 5 na kidogo.

Inveta ilikuja na programu yake ya simu. Kwa kutazama si mbaya, lakini taarifa zake zinasafiri kwanza hadi seva za ng'ambo ndipo zirudi kwenye simu yangu, zimechelewa dakika tano, na bando likiisha huoni kitu. Umeme ukikatika mtaani, mara nyingi mtandao nao unalegea. Yaani ule wakati hasa ninaotaka kujua betri imebaki na kiasi gani ndio wakati programu inaponyamaza.

Mdogo wangu anayefanya kazi za kompyuta Arusha ndiye aliyeniambia, "Dada, weka Home Assistant. Hiyo inakaa ndani ya nyumba yako mwenyewe." Ni programu huria, ya bure, ya kusimamia vifaa vya nyumbani. Ilianzishwa mwaka 2013 na Mholanzi Paulus Schoutsen, na tangu Agosti 2021 ina ukurasa maalumu wa nishati unaokuonyesha jua limeleta nini, gridi, yaani umeme wa mtaani, imeleta nini, betri imetoa nini. Akanitumia kwa basi kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4, imeviringishwa kanga ndani ya boksi la viatu.

Kazi ilikuwa kuiunganisha na inveta. Inveta yetu ina tundu la RS485, ukilitazama ni kama tundu la waya wa intaneti. Mazungumzo yanapita kwenye nyaya mbili tu, A na B, kwa lugha inayoitwa Modbus: kompyuta inauliza rejista (kisanduku cha kumbukumbu ndani ya inveta) namba fulani ina nini, inveta inajibu kwa namba. Nikakata waya wa intaneti wa zamani, nikaumenya, nikatafuta kwenye kitabu cha inveta pini ipi ni ipi, nikazibana ncha kwenye adapta ya USB kwa bisibisi ya miwani. Kimya. Nikabadili kasi ya mazungumzo kutoka 2400 kwenda 9600. Kimya. Jumamosi nzima ikaenda hivyo. Magharibi ikiingia, kijana wangu wa kidato cha pili akasema, "Mama, jaribu kuzigeuza." Nikahamishia waya wa chungwa alipokuwa mwenzake mweupe, na mweupe nikauleta huku, na kwenye skrini ikatokea 53.2. Volti za betri. Tulipiga kelele hadi Mama akatoka chumbani kuuliza nani kafaulu mtihani.

Mimi ni mhasibu. Mchana kutwa kazi yangu ni kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, na kwa miezi mitatu sola yangu ilikuwa duka lisilo na daftari. Nilikuwa nakisia betri kwa kuangalia volti, na kwa betri hizi za lithiamu chuma fosfeti hilo ni kosa. Volti zake zinakaa pale pale, 52 na pointi, kutoka karibu kujaa hadi karibu kuisha, halafu zinaporomoka ghafla. Asilimia ya kweli inatoka kwenye ubongo wa betri yenyewe, ule unaohesabu mkondo unaoingia na unaotoka. Siku nilipoanza kuipata asilimia hiyo kwa waya, nikaacha kukisia.

Na daftari ndilo lililofichua kivuli. Siku isiyo na mawingu, mstari wa paneli unachora kilima: unapanda taratibu asubuhi, unakaa juu, unashuka jioni. Kilima chetu cha Juni kilikuwa kimemegwa kileleni, kama mkate alioupitia mtoto. Saa tano na robo mstari unaanguka, saa saba na nusu unarudi juu. Nikafungua siku iliyotangulia. Pale pale. Nikafungua ya kabla yake. Pale pale. Wingu halina ratiba namna hiyo. Nikaangalia volti za paneli: kabla ya saa tano zilikuwa karibu 230, ndani ya pengo zikawa 153. Paneli zetu zimefungwa kwa mfululizo, yaani volti zake zinajumlishwa, na kwa joto la huku kila moja inatoa kama volti 38. Zilizopotea ni 77. Paneli mbili.

Jumapili iliyofuata, saa sita kasorobo, nikapanda ngazi mwenyewe. Simtanki letu la lita 2,000 liko juu ya mnara upande wa kaskazini wa nyumba. Kivuli chake kilikuwa kimelala juu ya paneli mbili za safu ya chini, cheusi, kingo zake kama zilizokatwa kwa mkasi. Nilikaa pale kwenye bati la moto nikikitazama kinavyosogea, kidole kwa kidole, na nilijisikia vibaya kwa jinsi nilivyokuwa nimepita chini ya mnara ule kila siku.

Ikabidi nirudie jiografia ya sekondari. Tuko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Desemba na Januari jua la adhuhuri linapita kusini yetu, kwa hiyo tangi la kaskazini linatupa kivuli chake nje, mbali na nyumba. Kufikia Juni jua limehama. Adhuhuri liko kaskazini, kama nyuzi 30 kutoka utosini, na kivuli cha tangi kinaangukia bati. Fundi alifunga Januari, hakukuwa na kivuli cha kuonekana. Aliporudi Juni kukagua, alikuja saa tatu, kivuli bado kiko magharibi hakijafika. Alipima kweli na akasema kweli.

Kwa wanaojiuliza kivuli kidogo kinaharibu nini: paneli iliyofunikwa inabana mkondo wa safu nzima, kama mpira wa maji uliokanyagwa, mpaka diodi zilizo ndani yake, vijimlango vya umeme vya upande mmoja, zifungue njia ya pembeni. Safu inaendelea kufanya kazi, ila mchango wa paneli ile haupo. Sisi tulikuwa tunapoteza theluthi ya umeme katika saa nono kuliko zote za siku. Na mimi nilikuwa nimeshaulizia bei ya betri ya pili. Nilikuwa tayari kurudi kikobani kukopa ili kununua chombo cha kuhifadhia umeme ambao hata haukuwa unaingia.

Tukahamisha zile paneli mbili hadi mwisho wa mashariki wa bati lile lile, mwinamo ule ule. Kazi ya siku moja ya fundi, vibanio na mita chache za waya. Juni ya mwaka uliofuata kilima kilikuwa kizima. Limebaki pengo dogo saa tisa na nusu, kivuli kinapozungukia mashariki, lakini saa hiyo betri imeshajaa, nimeliacha.

Betri ya pili niliisahau kabisa baada ya kuona pampu. Tuna kisima na pampu ya nguvu farasi moja. Kawaida ya nyumba ilikuwa kuiwasha jioni, watu wanapooga na ndoo zinapoisha. Kwenye grafu jioni ile ilionekana kama ngumi: zaidi ya kilowati moja, saa nzima na ziada, yote inatoka kwenye betri. Robo ya akiba ya usiku inakwenda kabla taarifa ya habari haijaisha. Maji yenyewe yanakaa tangini siku mbili, hayana haraka ya kuvutwa usiku.

Sasa pampu inajiwasha yenyewe betri ikivuka asilimia 80, paneli zikiwa zinatoa zaidi ya wati 1,500, na boya la tangi likisema kuna nafasi. Mtu asifunge pampu moja kwa moja kwenye rilei ndogo za Wi-Fi, yaani swichi zinazoamriwa na kompyuta. Pampu inapoanza inavuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida, na midomo ya rilei inaweza kugandana, ikabaki imewaka. Rilei yangu inaamuru kontakta, swichi kubwa ya kubeba mkondo mzito, na kontakta ndiyo inayobeba pampu, na kontakta ilifungwa na fundi umeme, si mimi.

Hapa niwaonye wenzangu tunaohesabu saa za Kiswahili. Mwanzoni nilitumia saa peke yake. Nilitaka pampu ianze saa nne asubuhi, nikaandika 04:00, kwa sababu kichwani mwangu ile ni saa nne. Programu inahesabu kuanzia usiku wa manane. Saa kumi alfajiri pampu ikanguruma. Betri ilikuwa asilimia 38, hadi nashtuka na kukimbilia swichi ilikuwa 12, na gridi ilikuwa imekatika tangu usiku. Inveta yetu inazima kila kitu betri ikifika 10. Mama alikuwa na chupa tatu kwenye friji. Asubuhi ile nilikaa mbele ya friji na kipimajoto mpaka jua lilipotoka, na tangu hapo nimeapa: amri yoyote inayogusa betri itasikiliza betri na jua kwanza, saa baadaye. Na kila nilipoandika muda, pembeni nimeandika kwa Kiswahili ni saa ngapi.

Friji nayo ina kihisi chake sasa. Ni kile cha DS18B20, kijiti cha chuma kwenye waya mwembamba unaopita kwenye mpira wa mlango bila kuacha mwanya, umeunganishwa na saketi ndogo ya ESP32 juu ya friji. Siku za mwanzo kilinisumbua. Kila mtoto alipofungua mlango kuchukua maji, hewa ya joto inaingia, king'ora kinalia. Dawa yake ni kukitumbukiza kijiti kwenye kichupa cha maji na kukiweka rafu moja na insulini. Maji yanapata joto polepole kama dawa inavyopata, kwa hiyo namba ninayoisoma ni ya chupa, si ya hewa. Ikizidi nyuzi 8 kwa robo saa, au ikishuka chini ya 2, king'ora cha sebuleni kinalia hata intaneti ikiwa haipo, na mimi nikiwa kazini Dar napata ujumbe mtandao ukiruhusu. Hili la kutotegemea intaneti ndilo ninalolipenda kuliko yote.

Ushauri mmoja wa vifaa, kwa sababu ulinigharimu takwimu za wiki sita: msiiache Raspberry Pi iandike kumbukumbu zake kwenye kadi ndogo ya SD. Inaandika usiku na mchana, kadi inachoka, na siku inapokufa inakwenda na kila kitu. Yangu ilikufa Septemba. Niliweka diski ya SSD, na kila Jumapili nakala moja inajihamishia kwenye laptopu.

Mama hana simu janja na haitaki. Lakini ndiye anayeshinda nyumbani, ndiye mwenye dawa kwenye friji, na niliona si haki umeme wa nyumba ujulikane na kila mtu isipokuwa yeye. Tukaweka balbu ya rangi koridoni. Kijani, betri ina zaidi ya 70 na jua lipo. Njano, tumieni kwa kiasi. Nyekundu, gridi haipo na betri iko chini ya 40, zimeni kila kitu isipokuwa friji. Wiki mbili tu zilitosha, sasa yeye ndiye msimamizi. Jumamosi utamsikia anamwita mjukuu wake kutoka kwenye kiti chake cha barazani, "Mume wangu, taa imekuwa kijani, leta hizo sare zipigwe pasi." Na jioni ikigeuka njano, televisheni inazimwa bila mjadala. Mimi nimeshindwa kuwashawishi watoto hivyo kwa grafu zangu zote.

Wiki iliyopita ameniomba kitu kingine. Anataka joto la friji alisome mwenyewe, bila kumuuliza mtu. Nimeagiza kioo kidogo kinachoonyesha tarakimu mbili tu, kubwa, nyeusi kwenye weupe, kwa sababu macho yake ya kushoto na kulia hayaoni sawa. Kikifika tutakibandika kwenye mlango wa friji, kwa kimo chake akiwa ameketi.