Shamba la baba limepimwa upya
Leo nimezunguka shamba letu la mikorosho hapa Tandahimba na afisa ugani, simu mkononi, kila kona tunasimama anachukua pointi ya mahali tulipo. Kwenye daftari la wakulima tumeandikwa ekari 3. Kumbe ni 4 na kidogo! Kile kipande cha bondeni alichoongeza marehemu baba hakikuwahi kuingizwa, na salfa ya ruzuku, ile dawa ya kupulizia mikorosho, inatolewa kulingana na kilichoandikwa. Miaka yote mikorosho ya bondeni tunaipulizia mabaki, ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu, unakausha maua. Roho imeniuma sana. Jirani naye alikuja, tukaonyeshana mpaka pale kwenye mbuyu mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Ndugu zangu, mliogawana au kuongeza mashamba, kapimeni mapema kabla salfa haijaanza kugawiwa.